Wakamuaji Wamekamuliwa Tena

Guayabales, 17 Januari 1988

Mdogo wangu Domitila,

Kaka yako bado anapumua, na anakusalimu. Caridad naye hajambo, isipokuwa magoti. Yanamuuma mvua ikikaribia, na sasa majirani wanakuja kumuuliza yeye habari za mvua badala ya kufungua redio. Kuku wanataga. Kiwanda kimeanza kusaga miwa tangu wiki iliyopita, kwa hiyo kila shati linaloanikwa linarudi ndani na masizi. Mirta je, bado anafanya kazi kwa wale madaktari wa macho? Mwambie mjomba wake anamwombea mume mwema, na ikiwezekana asiwe shabiki wa timu ya Havana.

Sasa la maana. Leo Wakamuaji wetu wamefungua msimu wa besiboli na San Blas. Tumefungwa kumi na moja kwa mbili. Usicheke. Zile mbili zetu zilikuwa safi, hata wapinzani walipiga makofi. Mrushaji wetu mpya, Osmel, ana mkono wa moto, ila mkono wenyewe haujui unakokwenda. Amempiga mpinzani begani, amempiga mwamuzi gotini, na mpira mmoja umevuka wavu ukatua kwenye sufuria ya Eufemia anayeuza mihogo. Eufemia amekataa kuurudisha mpaka alipwe mchuzi.

Jambo jingine dogo. Tuna meneja mpya, naye ni Fermín Barrios. Ndiyo, huyo huyo. Mkewe alifariki mwaka juzi na watoto wameshaoa, akaona arudi nyumbani. Ameniuliza habari zako, nikamwambia uko hai. Anakusalimu.

Kaka yako,
Anselmo


Havana, 2 Februari 1988

Kaka Anselmo, shikamoo.

Barua yako imenikuta salama. Mirta hajambo, anakusalimu, na anasema mume anamtafuta mwenyewe, asante. Mimi nina kikohozi kidogo tu. Lifti ya jengo letu imekufa tena, na kila siku napanda ghorofa nne kwa miguu. Ukisikia nimekufa, ujue ni ngazi. Mpe pole wifi Caridad, mwambie apake mafuta ya moto na aache kupiga magoti kuwaombea Wakamuaji. Mungu ana kazi nyingine.

Hivi kaka, miaka arobaini na miwili unakwenda uwanjani kila Jumapili, kwanza kucheza, kisha kukaa juu ya saruji ya jukwaa, na wamechukua kombe mara ngapi? Mara moja, mwaka ambao nusu ya timu za ligi ziliugua matumbo. Wanaitwa Wakamuaji lakini mimi tangu utoto wangu sijasikia wamemkamua mtu. Wao ndio wanaopita kwenye mashine wakatoka makapi. Mwanamke angekufanyia hivyo ungemwacha siku ya pili.

Na mwandiko wako una nini? Mistari inapanda kama mbuzi mlimani, halafu herufi zimenenepa. Kama unakunywa ramu kabla ya kuandika, kunywa baada ya kuandika.

Nimekutumia dawa ya magoti ya wifi na sabuni mbili.

Mdogo wako,
Domitila


Guayabales, 21 Februari 1988

Domitila mdogo wangu,

Dawa na sabuni vimefika. Caridad anakushukuru, ingawa anasema sasa magoti yametulia na majirani wameacha kuja. Binamu yetu Ulises amepata mjukuu wa kike. Mwandiko ni kosa la kalamu. Kalamu za siku hizi hazina adabu.

Tumecheza michezo sita na tumefungwa sita. Lakini wa leo ulikuwa wetu, Domitila, ulikuwa wetu kabisa! Kipindi cha nane mpiga gongo wetu alipiga mpira, nikausikia ule mlio, ta! Nikasimama, nikapiga mfuniko wangu wa sufuria, nikamkumbatia jirani. Nikasikia jukwaa zima limenyamaza. Kumbe mpira ulikuwa umedakwa zamani. Wakanicheka mpaka mchezo ukaisha. Wiki iliyopita pia walinicheka kwa sababu nilimsalimia Fermín kwa heshima zote, nikamuuliza habari za bega lake, na asinijibu. Kumbe lilikuwa koti lake limetundikwa kwenye nguzo. Mambo ya kawaida, jua lilikuwa kali.

Habari mbaya ni hii. Kamati ya ligi imetangaza kwamba timu itakayoshika mkia mwaka huu itavunjwa. Wachezaji watagawanywa kwa wengine na uwanja utapandwa miwa. Miwa, Domitila! Katika uwanja ambao baba aliubebea mawe.

Nilikupa salamu za mtu, hukuzipokea. Anakusalimu tena.

Anselmo


Havana, 1 Machi 1988

Kaka, shikamoo.

Sisi ni wazima. Mpe Ulises hongera, mwambie mtoto asipelekwe uwanjani kabla hajajua kuchagua. Kikohozi kimekwisha, lifti bado.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka kuhusu koti. Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu nilimwita Mirta nikamwonyesha mwandiko, naye akaikagua barua mstari kwa mstari, jinsi anavyokagua macho kazini.

Umeniambia ulisikia mlio wa gongo. Umeniambia jukwaa lilinyamaza. Katika barua nzima hakuna kitu hata kimoja ulichokiona, na wewe ndiye uliyekuwa ukiniandikia hata rangi ya soksi za mchezaji. Kaka Anselmo, mara ya mwisho uliuona mpira lini?

Nijibu.

Domitila


Havana, 22 Machi 1988

Kaka Anselmo,

Shikamoo, ingawa hustahili. Wiki tatu zimepita. Posta ni konokono, lakini hata konokono angeshafika.

Mirta amezungumza na daktari wake. Anasema bila shaka ni mtoto wa jicho, na kwamba watu wenye tatizo hilo wanaingia wakishikwa mkono na kutoka wakichagua mashati. Amekupatia nafasi: ulazwe Ijumaa tarehe 22 Aprili, upasuliwe Jumamosi. Baada ya hapo daktari anasafiri nje kwa mwaka mzima, na Mirta anasema jicho lako si la kungoja mwaka.

Usipojibu hii, namwandikia wifi moja kwa moja.

Domitila


Guayabales, 2 Aprili 1988

Mdogo wangu,

Anayeandika ni Caridad, mimi nasema tu. (Wifi, hujambo? Nimeandika haya bila yeye kujua. Mwezi uliopita alitia chumvi kwenye kahawa, akainywa yote ili nisigundue. Namshukuru Mungu umeuliza.) Kuku hawajambo. Kiwanda kinasaga.

Uliuliza lini. Novemba. Tangu hapo nauona mpira kwa masikio. Gongo likilia ta kavu, mpira umekwenda mbali. Likilia pu, umekwenda juu bure na utadakwa. Watu wakivuta pumzi, kuna anayekimbia. Sijakosa mengi. Mwanzoni nilifikiri ni moshi wa kiwanda, kisha nilifikiri ni uzee, kisha niliacha kufikiri. Sikukuambia kwa sababu ungenifanyia haya haya unayonifanyia sasa.

Tarehe ishirini na mbili siwezi. Jumapili ya ishirini na nne ndiyo mchezo wa mwisho, hapa nyumbani, sisi na La Julia. Sisi tumeshinda mitano na wao wameshinda mitano. Atakayefungwa anashika mkia na kuvunjwa. Tangu 1946 sijakosa mchezo hata mmoja wa nyumbani. Nilikwenda na homa. Nilikwenda kesho yake baada ya kumzika baba. Nikiondoka nao wakafungwa, nitasema ni mimi, na hakuna daktari wa kunitoa hilo. (Wifi, anasema haya akilia. Ananiambia nisiandike.)

Mwambie Mirta asante sana, ampe mwingine nafasi hiyo.

Fermín alikuja jana, akaleta jemu ya mapera. Nilimwambia kuhusu daktari, naye amenitukana kuliko wewe. Domitila, yule mtu si mbaya. Siku ya harusi yenu mchezo aliokuwa akicheza ulifika kipindi cha kumi na tisa! Michezo huisha kipindi cha tisa. Nani angejua?

Anselmo


Havana, 10 Aprili 1988

Kaka Anselmo, shikamoo, na wewe wifi Caridad, asante kwa chumvi.

Sina habari za nyumbani leo, nina hasira tu.

Juu ya kipindi cha kumi na tisa: mimi nilikuwa kanisani Juni 1952, nimevaa gauni la mama, nikasubiri muda wa saa tatu mpaka maua yakalala. Hakuja. Nikapanda treni ya saa kumi na mbili kuja huku, nikapata kazi, nikampata Evelio, Mungu amrehemu, nikampata Mirta. Sina deni na mtu na sijakanyaga uwanja wa mpira tangu siku ile. Yamekwisha.

Juu ya macho yako hayajaisha. Sikiliza. Kinachotakiwa ni mtu wa damu yako akae mahali pako siku hiyo ili timu isipate mkosi, sivyo? Nitakaa mimi. Nafika Alhamisi tarehe 21, nawe Ijumaa asubuhi unapanda treni, Mirta anakupokea stesheni. Jumapili nitakaa juu ya saruji yako tangu mwanzo mpaka mwisho, hata wakifika kipindi cha mia. Kesho yake nakuandikia kila kitu.

Ukikataa hili, basi si timu unayoipenda. Unaogopa kisu, na unajificha nyuma ya vijana wenye gongo.

Domitila


Guayabales, 16 Aprili 1988

Domitila,

Hapo mwisho umenichoma. Nakuja.

Mstari wa tatu, nyuma ya kituo cha kwanza wanakokimbilia wapigaji, karibu na nguzo yenye kutu. Beba mfuniko wa sufuria na kijiko cha chuma. Caridad anajua kipi. Mwamuzi unaruhusiwa kumtukana macho, masikio na cheti cha shule, lakini si mama yake, mama yake ni jirani yetu. Usiseme "tumeshinda" kabla hawajashikana mikono. Osmel akianza kurusha mipira mchangani, usimzomee, anaumia. Mwite jina tu.

Nilimwambia Fermín unakuja. Alikuwa amesimama, akakaa.

Anselmo


Guayabales, 25 Aprili 1988

Kaka Anselmo mpendwa, shikamoo.

Mirta mwanangu, soma polepole, mjomba wako asikose neno. Na kaka, usigeuze kichwa, Mirta ameniambia kwa simu ya kiwandani kwamba umefungwa bandeji na unabishana na wauguzi juu ya warushaji. Tulia.

Wifi hajambo, kuku hawajambo. Ulises alikuja na mjukuu, tayari amemvalisha kofia ya Wakamuaji, maskini mtoto.

Tulifika uwanjani saa nane. Nilikuta watu wameacha nafasi yako wazi, hakuna aliyekaa. Nilipokaa, mzee mmoja akaniuliza, "Wewe ndiye dada wa Havana?" Nikasema ndimi. Akasema, "Basi leo usinyamaze, Anselmo huwa hanyamazi." Saruji yako ni ngumu, kaka. Sijui unaificha wapi hiyo mifupa.

La Julia walipata mbili mapema. Osmel alianza na mchezo wake wa kurusha mchangani, watu wakaanza kuguna. Nikasimama nikamwita jina, kama ulivyosema. Akatazama juu, akaona mwanamke mwenye nywele nyeupe ana mfuniko wa sufuria, nadhani alishtuka, maana baada ya hapo alirusha sawa. Kipindi cha tano tukapata moja. Nimesema "tukapata," umesikia? Kipindi cha saba nyingine. Mbili kwa mbili. Mwamuzi akasema mtu wetu ametoka wakati hata mimi nisiyejua kitu niliona mguu wake umeshafika kituoni. Nikamuuliza kama cheti chake alikipata kwenye gunia la sukari. Jukwaa lilicheka, na mwamuzi mwenyewe akageuka kunitazama. Baadaye mama yake, aliyekuwa nyuma yangu, aliniambia kwa upole kwamba cheti anacho.

Kipindi cha tisa kikaisha, mbili kwa mbili. Wifi akaniambia, "Sasa wanaendelea mpaka apatikane mshindi." Nikamwambia najua. Kipindi cha kumi, mvua ikaanza. Kila mtu alimtazama wifi kwa lawama. Wachezaji wakakimbilia chini ya paa la jukwaa, tukangoja dakika arobaini.

Mirta, mistari inayofuata usimsomee mjomba wako. Ruka mpaka palipoandikwa "mvua ilipokatika."

Fermín alikuja akasimama karibu nami, maji yanamchuruzika kofiani. Amenenepa. Akasema, "Treni ya saa kumi na mbili bado ipo, kama umechoka kungoja." Nikasema, "Leo nimeahidi kukaa." Kisha sijui kilichonipata, nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mjomba wako, si baba yako Evelio, na nimelificha hata katika barua ya juzi. Nilimwambia kwamba siku ile nilimwona. Alifika stesheni na jezi yenye matope, akakimbia kando ya treni akichungulia kila dirisha, na mimi nikainama chini ya kiti asinione. Miaka thelathini na sita nimesema hakuja. Alikuja. Mimi ndiye niliyejificha. Nilikuwa na aibu na hasira, na treni ikaondoka kabla hasira haijaisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Niliona kofia yako, Domitila. Ilibaki juu ya kiti. Nilifikiri kama anataka, atainuka." Akanipa taulo lake nijifute uso, akarudi kwa vijana wake.

Mvua ilipokatika walimwaga unga wa mbao kwenye tope wakaendelea. Kipindi cha kumi na moja, hakuna kitu. Cha kumi na mbili, giza linaingia, vijana wetu wakajaza vituo vyote vitatu, na aliyekuja kupiga ni Osmel, ambaye wifi anasema hajawahi kuugusa mpira kwa gongo tangu Januari. Nikasikia watu wanavuta pumzi kama ulivyoniandikia. Nikapiga mfuniko mpaka kijiko kikapinda. Mrushaji wa La Julia akarusha, mkono ukamteleza kwa maji, mpira ukampiga Osmel mbavuni, pu! Akaanguka. Nikapiga kelele kwamba wamemuua. Wifi akanishika mkono, "Kaa, kaa, anayepigwa hupewa kituo cha kwanza bure!" Na kwa kuwa vituo vilijaa, kila mmoja akasogea mbele, na yule wa kituo cha tatu akaingia nyumbani, pale panapohesabiwa pointi, akitembea, polepole, kama mtu anayetoka dukani.

Tatu kwa mbili. Sikusema neno mpaka waliposhikana mikono, kisha nikasema. Hakuna miwa itakayopandwa hapo, kaka. La Julia walilia, nami niliwahurumia, maana wana mashabiki wazee kama wewe. Osmel wetu ambaye amepiga watu mwaka mzima ametuokoa kwa kupigwa. Walimbeba mabegani naye akalia kwa maumivu, kwa sababu walimshika mbavu zile zile.

Treni za kurudi Havana zimejaa mpaka wiki ijayo, kwa hiyo nitabaki hapa na wifi kidogo. Wewe lala chali.

Mdogo wako,
Domitila


Havana, 3 Mei 1988

Mdogo wangu Domitila,

Ninaandika kwa mkono wangu, na tazama mistari, imenyooka kama reli. Bandeji waliitoa Alhamisi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa Mirta. Amekuwa mama yetu mtupu, na hakuna aliyeniambia. Nililia, muuguzi akanikaripia kwamba machozi hayaruhusiwi. Jicho la pili watalifanya mwakani. Nimeshatoka hospitali, nakaa kwenu; lifti bado ni maiti, lakini nimehesabu kila ngazi kwa macho, nikafurahi. Mwambie Caridad nimeona pia kwamba shati alilonipa la safari ni la kijani. Alinidanganya ni la bluu.

Mirta alinisomea barua yako vizuri sana Jumatano. Nilimfanya arudie mbavu za Osmel mara tano, mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba ahamishwe. Ila katikati, palipokuwa na mvua, alikohoa, nikajua kuna kitu. Basi jana nimeichukua barua mezani nikaisoma mwenyewe. Jicho jipya, Domitila, linataka kazi.

Sitasema kitu. Nilikuwa miongoni mwa waliocheza siku ile ya kipindi cha kumi na tisa. Nilikuwa kituo cha pili, nikadondosha mpira wa kumaliza mchezo katika kipindi cha tisa. Ulikuwa mwepesi, ungedakwa na mtoto, na Fermín angewahi kanisani. Nimekaa juu ya saruji ile miaka yote hii kwa sababu nyingi, na hiyo ni moja. Nawe leo umejua, tuko sawa.

Treni ya Havana hupita Guayabales mara mbili kwa siku, na Mirta amepiga simu stesheni: hata jana iliondoka na watu sita. Sikuulizi, nakuarifu tu.

Daktari amesema naweza kurudi Guayabales Ijumaa. Jumapili Wakamuaji wana mchezo wa kirafiki na San Blas, pale pale. Nimemwambia daktari kwamba najisikia kizunguzungu, na kwamba ni afadhali nibaki Havana wiki mbili zaidi. Amenitazama, hajaona kizunguzungu, lakini ni mtu mwema. Nitakosa mchezo wa nyumbani mara ya pili maishani mwangu. Nafasi yangu unaijua ilipo.

Kaka yako anayekuona,
Anselmo